Tarehe, Siku na Usiku: Juu ya Utata wa Kuandika Siku za Kalenda

Katika makala haya tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa kulitazama juujuu laonekana dogo, nalo ni namna ya kuandika tarehe. Tuchukue daftari la kijiji katika kata ya Samuye, Wilaya ya Shinyanga, na tuseme kwamba humo imeandikwa kuwa mtoto fulani alizaliwa 3/8/58. Msomaji aliyepita katika shule zetu atasema bila kusita kuwa ni tarehe 3 Agosti. Lakini iwapo karani alinakili tarakimu hizo kutoka katika cheti kilichojazwa na Mmarekani, basi mtoto huyo alizaliwa tarehe 8 Machi. Kati ya siku hizo mbili mna siku 148. Mtoto huyo akiwa baadaye mtumishi wa serikali, ambaye kwa kawaida hana budi kustaafu atimizapo miaka 60, siku hizo 148 ni mishahara ya karibu miezi mitano ya mwaka 2018: ama aipokee bila kuistahili, ama anyimwe ilhali ni haki yake. Na atakayeulizwa ni yeye, wala si karani.

Hesabu ya hatari yenyewe si ngumu. Tarehe yoyote ambayo siku yake yazidi 12 haiwezi kusomwa kinyume, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Zinabaki tarehe 144, yaani siku kumi na mbili za mwanzo za kila mwezi. Miongoni mwa hizo, kumi na mbili hazina madhara kwa sababu siku na mwezi ni namba moja, kama 7/7 na 8/8. Kwa hiyo kila mwaka una siku 132, zaidi ya thuluthi yake, ambazo zikiandikwa kwa tarakimu tupu zaweza kusomwa kwa njia mbili. Hizo ndizo tutakazoziita hapa tarehe tata.

Hatukuichagua Samuye kwa kuwa makarani wake ni wazembe kuliko wa kwingineko. Tumeichagua kwa sababu katika nchi ya Usukuma desturi nyingi za kuhesabu siku zimepita moja juu ya nyingine, na kila iliyopita imeacha alama yake katika karatasi na katika vinywa vya watu.

Ya kwanza ni ile isiyotumia karatasi. Mzee aliyezaliwa kabla ya vyeti kuenea hakuwa na tarehe, bali alikuwa na tukio. Alizaliwa mwaka wa nzige, au Mjerumani alipoondoka, au katika njaa fulani yenye jina lake. Hata majina ya Kisukuma yenyewe yana habari za namna hiyo: Nzala ni njaa, Mbula ni mvua, Limi ni jua, Bujiku ni usiku. Yafaa tutambue kwamba jina la namna hii ni kumbukumbu sahihi sana, ila limehifadhi kile ambacho ofisi haikiulizi. Linatunza majira au saa, halitunzi mwaka. Na matukio nayo hurudi: nzige walikuja zaidi ya mara moja, na njaa vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo makarani wa sensa husaidiwa na orodha ya matukio ya mahali, ili wamfikishe mzee kutoka tukio hadi mwaka. Kwa upande wa Shinyanga matukio yasiyopingika ni kama vita vilivyomwondoa Mjerumani mwaka 1916, Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, na kuanza kwa Sungusungu mapema katika miaka ya 1980.

Mwaka ukishapatikana, fomu hudai pia siku na mwezi, na hapo ndipo aghalabu huandikwa 1 Januari au 1 Julai. Tarehe hizo si za uongo, lakini pia si za kweli. Ni tarehe za makadirio, na twaona ni upungufu kwamba madaftari yetu hayana nafasi ya kuandika maneno hayo matatu mbele ya tarakimu. Mtu wa Afrika Mashariki aliyehamia Ulaya au Marekani na cheti cha namna hiyo hushangaa kuona jinsi maofisa wa huko wanavyomtilia shaka kwa kuzaliwa siku ya Mwaka Mpya pamoja na nduguze wote.

Kisha ikaja karatasi. Wajerumani waliandika siku kwanza, mwezi ukafuata, na kati yao wakatia nukta: 4.5.1911. Mara nyingine mwezi waliuandika kwa namba za Kirumi, 4.V.1911, nayo ni njia nzuri kuliko watu wanavyoidhania, maana hakuna awezaye kuichukua V kuwa siku. Waingereza walipokuja walishika utaratibu uleule wa siku kwanza, ila nukta ikawa mkwaju. Kama mambo yangaliishia hapo, tusingalikuwa na makala haya. Lakini katika Usukuma hawakuja Wajerumani na Waingereza tu. Kituo cha misioni cha Nassa, katika ufuko wa Ziwa Viktoria, kilipokewa mwaka 1909 na Africa Inland Mission, ambayo asili yake ni Marekani. Na katika miaka ya 1950 mapadre wa Maryknoll, nao wa kutoka Marekani, walishika kazi katika Shinyanga. Mmarekani husema mwezi kwanza na huandika mwezi kwanza. Hatudai kwamba kila cheti cha misioni kimeandikwa hivyo. Tunasema tu kwamba mfasiri anayeshika cheti cha ubatizo au barua ya hospitali ya misioni hana haki ya kudhani kuwa mwandishi alifuata desturi ya Bomani.

Madaftari ya Kanisa Katoliki yana mtego mwingine, kwa kuwa kwa muda mrefu yaliandikwa kwa Kilatini. Katika Kilatini cha madaftari ya Ulaya kulikuwa na ufupisho wa 7bris, 8bris, 9bris na 10bris. Asiyejua atafikiri kuwa 7bris ni mwezi wa saba. Sivyo, ni Septemba, kwa maana Septemba ni neno litokanalo na saba ya Kilatini, na Oktoba latokana na nane, Novemba na tisa, Desemba na kumi. Warumi wa kale walianza mwaka wao mwezi wa Machi. Mwanzo wa mwaka ulipohamishwa, majina hayakuhama nao. Hivyo kila mwandikapo Desemba mnaandika “mwezi wa kumi” mkimaanisha wa kumi na mbili, na hakuna anayelalamika kwa kuwa namba ile imekwisha kufa ndani ya neno.

Katika Kiswahili namba za namna hiyo hazijafa, na hili ndilo tunalotaka wasomaji walitazame kwa makini. Utata wa 3/8 ni mtoto mdogo wa utata mkubwa zaidi, nao ni huu: namba ya kalenda haina maana mpaka ijulikane hesabu imeanzia wapi. Jumatano ina tano ndani yake. Alhamisi nayo ina tano ndani yake, maana ni khamsa ya Kiarabu. Siku mbili zinazofuatana zote ni za tano! Sababu ni kwamba Jumatano yahesabiwa kuanzia Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa ya Waislamu, na Alhamisi imebakia na jina lake la Kiarabu, ambalo lahesabiwa kuanzia Jumapili. Mwenyeji wa Geita au Bukoba akivuka kwenda Uganda ataikuta tano ya tatu, kwani Lwakutaano ya Kiganda ni Ijumaa. Na akielekea Rwanda ataikuta vilevile, kwa kuwa siku ya tano ya Kinyarwanda ni Ijumaa pia. Huko hesabu huanzia Jumatatu. Basi katika ukanda mmoja wa Maziwa Makuu neno “siku ya tano” lataja siku tatu tofauti, na wafanyabiashara wa samaki na wa dhahabu wamezoea kuahidiana kwa jina la siku ya soko kuliko kwa namba yake.

Mfasiri wa Kireno, ambaye tunamhitaji kwa ajili ya jirani zetu wa Msumbiji, ana taabu iyo hiyo. Wareno huhesabu kuanzia Jumapili, na kwa hiyo siku wanayoiita ya pili ni Jumatatu yetu, ya tatu ni Jumanne, ya nne ni Jumatano. Kila moja yapishana na yetu kwa namba moja kamili. Kosa la kufasiri “ya nne” kuwa Jumanne haliwi na dalili yoyote ya kosa. Sentensi husomeka vizuri, na mtu huenda mahakamani siku moja kabla.

Suala hili lina uzito hata katika dini. Injili yasimulia kwamba ufufuko ulikuwa siku ya kwanza ya juma. Mswahili akihesabu kwa majina ya lugha yake atafika Jumamosi. Nao Waadventista Wasabato, ambao ni wengi katika mikoa ya Ziwa, huitunza siku ya saba, nayo ni Jumamosi, ambayo jina lake latangaza kuwa ni ya kwanza. Walimu wa dini wamelieleza jambo hili kwa muda mrefu, na waumini wamelielewa. Ni watu wa ofisi waliosahau kujiuliza.

Miezi nayo ni hivyo hivyo. Mswahili wa pwani alihesabu miezi yake kuanzia mwisho wa Ramadhani: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Mwaka wa Hijra, kwa upande wake, huanza Muharram, nao ndio Mfunguo Nne. Kwa hiyo “nne” ya pwani ni mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kiislamu, na “mwezi wa nne” wa mtu wa Samuye ni Aprili. Hatuoni haja ya kuwaonya wasomaji wasichanganye mambo haya mawili katika mazungumzo. Katika hati za kale, hata hivyo, mambo ni magumu. Utendi wa Tambuka umewekewa mwaka 1141 wa Hijra, na vitabu vingi hutoa mwaka 1728 kama sawa yake. Lakini mwaka huo wa Hijra ulianza Agosti 1728 ukaishia Julai 1729; pasipo mwezi, uamuzi wa 1728 ni wa mazoea. Tena anayenakili hati za herufi za Kiarabu akumbuke kuwa husomwa kutoka kuume, hivyo siku huwa upande wa kulia na mwaka upande wa kushoto, na kwamba tano ya tarakimu za Kiarabu hufanana na sifuri yetu, na sita yake hufanana na saba.

Wakulima na mabaharia wa pwani walikuwa pia na mwaka wa jua uanzao Nairuzi, ambao Makunduchi huusherehekea hata leo kwa Mwaka Kogwa mnamo mwezi wa Julai. Mwaka huo ulihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Tarehe yake haikuwa na mwezi kabisa, bali siku na mwongo. Kwa kilimo cha mvua ulikuwa bora kuliko mwezi mwandamo, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja.

Hata mwaka wenyewe si salama. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia aliondolewa madarakani tarehe 12 Septemba 1974. Kwa kalenda ya nchi yake siku hiyo ilikuwa tarehe 2 ya mwezi wa Meskerem, mwaka 1967. Asiyejua atakayeisoma hati ile ataiweka katika mwaka wa Azimio la Arusha, ilhali ni ya mwaka wa Operesheni.

Tumebakiza usiku, na hapa ndipo Kiswahili kilipojikwaa kisha kikajiinua chenyewe. Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo ndiyo ya Kiswahili cha asili, siku huanza jua lichwapo. Basi “usiku wa Jumapili” ulikuwa usiku ule unaotangulia mchana wa Jumapili. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, siku ya Jumapili, kabla ya mapambazuko; mzee wa pwani angaliuita usiku ule usiku wa Jumapili bila taabu. Mtu wa bara, ambaye kwake siku huanza alfajiri, angaliuita usiku wa Jumamosi. Serikali, ambayo siku yake huanza saa sita ya usiku, ingaliukata vipande viwili. Mtu akinunua tikiti ya basi liondokalo “tarehe 5 saa 8 usiku” ana sababu nzuri ya kumwuliza mwuza tikiti mara mbili.

Dawa ya ugonjwa huu haikutolewa na kamati. Ilitoka katika lugha, nayo ni neno kuamkia. Ukisema “usiku wa kuamkia Jumapili” umemaliza ubishi wote: wa pwani, wa bara na wa serikali huelekeza kidole usiku mmoja. Ndiyo maana tangazo la Sensa ya Watu na Makazi lilitaja usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Sensa haiwezi kukosea usiku, kwa sababu mtu huhesabiwa pale alipolala. Aliyelala safarini au machimboni ahesabiwe mara moja, si mbili. Sisi twaliona neno hili kuwa miongoni mwa istilahi bora tulizo nazo, na twashangaa kwamba fomu za polisi na za hospitali hulitumia kwa nadra.

Turudi kwenye tarakimu. Sikukuu zetu zimetukinga kwa bahati. TANU ilizaliwa 7/7/1954, na Saba Saba haigeuziki. Nane Nane vilevile. Uhuru wa Kenya ulikuwa 12/12/1963. Lakini Uhuru wa Tanganyika, 9/12/1961, husomwa na Mmarekani kuwa 12 Septemba. Mashambulio ya mabomu katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam yalitokea tarehe 7 Agosti 1998. Katika karatasi za Kimarekani ni 8/7/98, tarehe ambayo kwetu ni kesho yake ya Saba Saba. Magazeti yetu nayo huandika “Desemba 9, 1961” kwa kutanguliza mwezi, na watu hulaumu. Sisi hatulaumu sana. Mei Mosi nayo imetanguliza mwezi, na haijampoteza mtu, kwa kuwa mwezi umeandikwa kwa jina.

Mambo yalizidi kuwa mabaya tangu mwaka 2001 hadi 2012, maana katika miaka hiyo hata mwaka ukifupishwa waweza kufanana na mwezi. Chukueni 04/05/06. Karani wa Samuye atasoma 4 Mei 2006. Mmarekani atasoma 5 Aprili 2006. Na katika machimbo ya dhahabu, kama Geita ulipofunguliwa mgodi mkubwa mwaka 2000 na Bulyanhulu ulipoanza uzalishaji mwaka 2001, walikuwapo wataalamu wa Afrika Kusini, nchi ambayo imezoea kutanguliza mwaka: kwao yaweza kuwa 6 Mei 2004. Kijana aliyetoka kijijini akaajiriwa mgodini huenda alikutana na desturi zote tatu katika jalada moja la kazi. Tuongeze kopo la dawa lililopigwa chapa 09/11. Hiyo si siku hata kidogo; ni mwezi na mwaka, Septemba 2011, siku ambayo dawa huisha nguvu. Tuongeze pia mwaka wa fedha 2011/12, ambao si Desemba 2011.

Shirika la kimataifa la viwango, katika kiwango chake namba 8601 cha mwaka 1988, liliagiza mwaka utangulie kwa tarakimu nne, kisha mwezi, kisha siku: 2006-05-04. Kwa majalada na kompyuta utaratibu huu ni mzuri, na una faida ya kupanga karatasi zenyewe kwa zamu. (Kiwango hichohicho chaihesabu Jumatatu kuwa siku ya kwanza ya juma, jambo ambalo tumekwisha kuliona.) Kwa barua, hukumu na vitabu vya shule haufai, kwa sababu hakuna Mswahili asemaye hivyo. Huko jina la mwezi liandikwe: tarehe 4 Mei 2006. Neno moja la silabi mbili lamaliza kazi ambayo mkwaju hauiwezi.

Mfasiri apatapo tarehe tata asikisie. Kwanza atafute katika mkono uleule tarehe yenye namba inayozidi 12: mwandishi aliyeandika 8/23 mahali pengine amejitambulisha. Pili atazame mfuatano. Ingizo lililo kati ya 29/7 na 11/8 haliwezi kuwa la Machi. Akikosa yote mawili, anakili tarakimu kama zilivyo na aandike kando kuwa tarehe ni tata. Kugeuza 3/8 kuwa “3 Agosti” pasipo ushahidi si kufasiri, ni kutoa cheti kipya.

Kwa upande wa fomu tuna pendekezo dogo. Fomu nyingi zina visanduku vitatu vyenye maneno Siku, Mwezi, Mwaka. Katika Kiswahili siku ni Jumatatu na pia ni tarehe nne, na mwananchi aliyejaza “Jumatatu” katika kisanduku hicho hakukosa lugha. Kisanduku cha kwanza kiandikwe Tarehe, cha pili kiandikwe Jina la Mwezi na kiwe kipana kiasi cha kutosha Septemba, na chini yake kiwepo cha nne, cha kutiwa alama iwapo tarehe ni ya makadirio.